Samuel Plimsoll: Muuza makaa aliyeipa kila meli mpaka wake

Katika Bandari ya Bujumbura meli nyingi huingia zikiwa na mzigo na kuondoka zikiwa nyepesi. Saruji, sukari, unga wa mahindi, mbolea na mabati hutoka Kigoma, Kalemie na Mpulungu, na makuli wanapoyashusha, meli huinuka kidogo kidogo kutoka majini. Saa moja baada ya nyingine, sehemu ya ubavu iliyokuwa imezama huanza kuonekana, ikiwa bado inatiririka maji.

Ni hapo ndipo mtu mwenye macho anaweza kuujua ukweli wa safari iliyokwisha. Ubavuni mwa meli iliyopimwa ipasavyo kuna duara lililokatwa katikati na mstari wa ulalo. Meli ikifunga gati na mstari huo uko juu ya maji, safari ilikuwa halali. Ukiibuka kutoka chini ya maji baada ya tani kadhaa kushushwa, basi watu na mali walivuka ziwa kwa bahati tu, si kwa hesabu.

Wafanyabiashara wengi huipita alama hiyo bila kuitazama. Wanaoijua huiita alama ya Plimsoll, na wachache tu wanajua kwamba Plimsoll alikuwa mtu. Hakuwa nahodha, hakuunda meli, wala hakumiliki hata moja. Alikuwa muuza makaa ya mawe, mtu wa biashara aliyewahi kufilisika akalala njaa, na baadaye akatumia zaidi ya miaka ishirini ya maisha yake kugombania jibu la swali moja: meli ikizama kwa kuzidishiwa mzigo, nani aliyepaswa kuzuia?

Karani wa Sheffield

Samuel Plimsoll alizaliwa Bristol, mji wa bandari magharibi mwa Uingereza, tarehe 10 Februari 1824. Baba yake alikuwa ofisa wa ushuru, kazi ya kuhamishwahamishwa, na familia ilikuwa kubwa kuliko mshahara. Wakahamia Penrith kaskazini, kisha Sheffield, mji wa viwanda vya chuma. Huko kijana Samuel aliacha shule mapema, akaingia kazini kama karani wa mwanasheria. Baadaye akapata kazi ya ukarani katika kiwanda cha pombe, na kwa bidii yake akapanda hadi kuwa meneja.

Alikuwa mtu wa hesabu na wa barua. Mwaka 1851, London ilipofanya Maonyesho Makubwa ya bidhaa za dunia nzima, Plimsoll alikuwa katibu wa kujitolea wa maandalizi ya Sheffield. Kazi hiyo ilimfunza jinsi ofisi za wakubwa zinavyoendeshwa, na jinsi jambo dogo linavyoweza kukwama mezani kwa mtu mmoja miezi mizima.

Mwaka 1853 alifanya kama wafanyavyo vijana wengi wenye tamaa ya maendeleo: aliacha ajira, akaenda mji mkuu kufanya biashara yake mwenyewe. Alitaka kuuza London makaa ya mawe yaliyoletwa kwa reli. Biashara ilikataa. Mtaji ukaisha, madeni yakabaki, na Plimsoll akajikuta akiishi katika nyumba za kupanga za watu maskini kabisa, akihesabu senti za mkate. Majirani zake walikuwa vibarua na mabaharia wasio na meli.

Alitoka katika shimo hilo baada ya muda. Biashara ya makaa hatimaye ilikubali, akapata utajiri wa kutosha, akamwoa Eliza Railton, binti wa eneo la Sheffield, aliyekuwa mshirika wake katika kila alilolifanya baadaye. Lakini ile miezi ya njaa hakuisahau. Mara nyingi alikuwa akirejea kusimulia jinsi maskini wa nyumba zile walivyogawana kidogo walichokuwa nacho. Alipopata sauti, aliamua kuitumia kwa ajili ya watu wa aina hiyo.

Majeneza yanayoelea

Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Derby kwa tiketi ya chama cha Liberal. Wakati huo Uingereza ilikuwa na meli nyingi za biashara kuliko taifa jingine lolote duniani, na kila mwaka mamia ya meli hizo zilipotea. Nyingine zilivunjwa na dhoruba, ajali ya kweli isiyo na wa kulaumiwa. Nyingine zilikuwa mbovu, mbao zimeoza, zimepakwa rangi mpya kuficha ubovu. Nyingi ziliondoka bandarini zikiwa zimejazwa mpaka deki inakaribia kulamba maji.

Watu waliziita majeneza yanayoelea. Jina hilo lilikuwa na hesabu ndani yake. Mwenye meli angeweza kuikatia bima, na pengine kwa thamani iliyozidi bei ambayo chombo hicho kingepata sokoni. Meli ikifika salama na mzigo mwingi, alipata nauli kubwa. Ikizama, alilipwa na kampuni ya bima. Kwa mmiliki asiye na dhamiri, njia zote mbili zilikuwa na faida. Wenye hasara walikuwa wawili: baharia aliyekufa maji, na mke aliyeachwa na watoto.

Si wamiliki wote walikuwa hivyo. Wengi walikuwa waungwana waliojali vyombo vyao na watu wao. Lakini hapo ndipo ubaya ulipokuwa mkubwa zaidi, maana mmiliki mwadilifu anayepakia tani 800 hushindana sokoni na mlafi anayepakia tani 1,000 kwenye meli iliyo sawa na yake. Mlafi hutoza nauli ndogo, hupata wateja, na mwadilifu husukumwa taratibu kufanya kama yeye au kufunga biashara. Kila mfanyabiashara aliyewahi kushindana na mwenzake anayekwepa ushuru anaijua hesabu hii.

Na baharia je? Akishasaini mkataba, sheria ilimfunga. Akifika gatini akaona meli imezama mno na kukataa kupanda, alikamatwa na kufikishwa kwa hakimu. Mamia ya mabaharia walifungwa jela kwa kosa la kuogopa kufa. Wapo waliochagua jela wakapona, wakasikia baadaye kwamba meli waliyoikataa haikuonekana tena.

Haki inataka isemwe kwamba wazo la kuchora mstari ubavuni mwa meli halikuanza na Plimsoll. James Hall, mwenye meli wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, alikuwa amekusanya takwimu za ajali na kudai upakiaji uwe na kipimo kabla Plimsoll hajalijua tatizo lenyewe. Plimsoll alizichukua hoja hizo, akazibeba mpaka Bungeni. Hall alikuwa na elimu ya meli. Plimsoll alikuwa na kiti cha ubunge, na ukaidi wa mtu aliyewahi kupoteza kila kitu.

Kitabu na mashtaka

Miswada yake ya kwanza ilikufa mapema. Bungeni walikaa wenye meli wengi, na serikali haikutaka kuwaudhi. Basi mwaka 1873 Plimsoll akauacha mlango wa mbele, akapita dirishani: alichapisha kitabu kuhusu mabaharia wa nchi yake, chenye nakala za nyaraka, picha za vyuma vilivyounganishwa vibaya na visa vya meli zilizopotea. Kilisomwa na tabaka zote, na mikutano ikaitishwa katika miji hata isiyo na bahari. Vyama vya wafanyakazi, ukiwemo wa wachimbaji makaa, vilimuunga mkono.

Kitabu kilikuwa na nguvu, na kilikuwa na makosa. Plimsoll alikuwa mwepesi wa kuamini alichoambiwa, na baadhi ya tuhuma alizowatupia watu hakuweza kuzithibitisha. Alishtakiwa kwa kashfa, gharama za mawakili zikamlemea, na wapinzani wake wakapata nafasi ya kusema kwamba mtu huyu anapiga kelele tu. Alijifunza kwa uchungu kwamba anayewatetea wanyonge kwa ushahidi dhaifu huwapa wakubwa silaha.

Serikali iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza jambo hilo. Ilisikiliza wenye meli, manahodha, wapima meli na watu wa bima, kisha ikatoa maoni ambayo hayakumpa Plimsoll alichokitaka. Sababu yake moja inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa bado inasikika katika ofisi nyingi. Tume ilihofia kwamba serikali ikiweka mstari, wajibu utamtoka mwenye meli na kuhamia serikalini. Meli ikizama mstari ukiwa juu ya maji, mmiliki atasema hana kosa, kwani alifuata alama ya serikali.

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini Plimsoll aliiona ilipopungua. Wajibu usio na kipimo haumshiki mtu yeyote. Kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba hapa ndipo mwisho, basi hakuna siku ambayo mtu ataweza kuambiwa kwamba amevuka. Kila mmoja atamnyooshea kidole mwenzake: mmiliki atamtaja nahodha, nahodha atamtaja msimamizi wa upakiaji, msimamizi atamtaja mwenye mzigo, na wote kwa pamoja wataitaja dhoruba.

Siku aliyoghadhibika

Mwaka 1875 serikali ya Waziri Mkuu Benjamin Disraeli ilileta muswada wake kuhusu usalama wa meli. Ulikuwa hafifu, lakini Plimsoll aliona afadhali nusu mkate. Tarehe 22 Julai, Disraeli alisimama akatangaza kwamba muda umebana na muswada huo unaondolewa.

Kwa wabunge wengi lilikuwa jambo la ratiba. Kwa Plimsoll lilikuwa jambo la majira ya baridi. Alijua kwamba kati ya siku ile na kikao kijacho, meli zilizojaa kupita kiasi zingeondoka kuelekea bahari za dhoruba, na kwamba watu waliokuwa hai siku ile wangekuwa wamekufa kabla Bunge halijakutana tena. Alisimama akipaza sauti, akakunja ngumi, akawaita baadhi ya waliokuwamo ukumbini waovu, akatishia kuwafichua wenye meli waliokalia viti vya Bunge. Spika alimtaka afute maneno. Akakataa. Akaamriwa kutoka, akatoka akitetemeka.

Wapo waliodhani amerukwa na akili. Disraeli alitaka akaripiwe rasmi, na suala likaahirishwa kwa wiki moja. Katika wiki hiyo nchi ilichemka. Magazeti, makanisa na mikutano ya wafanyakazi vilimsimamia mtu aliyevunja kanuni za Bunge. Aliporudi, Plimsoll aliomba radhi kwa lugha aliyoitumia, lakini hakuyaondoa madai yake. Serikali, iliyokuwa haina muda wiki moja kabla, ilipata muda. Sheria ya muda ilipitishwa mwaka huo huo, ikawapa maofisa mamlaka ya kuizuia bandarini meli isiyofaa kusafiri. Iligusa pia nafaka zinazomwagwa ndani ya meli bila magunia, ambazo huteleza upande mmoja chombo kinapoyumba na kukipindua.

Mwaka 1876 ikafuata sheria ya kudumu, na mstari ukaingia rasmi katika sheria za Uingereza. Wengi walishangilia, wakadhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Sheria ilisema kila meli lazima iwe na mstari, lakini ilimwachia mwenye meli aamue auchore wapi. Husimuliwa kwamba nahodha mmoja wa Wales aliuchora kwenye dohani, juu kabisa ya meli. Iwe kweli au mzaha wa mabaharia, kisa hicho kinaeleza vizuri sheria ile ilivyokuwa: ilidai alama, ikasahau kipimo.

Pengo hilo lilichukua miaka kumi na minne kuzibwa. Mwaka 1890 ndipo sheria iliposema kwamba mahali pa mstari patapangwa kwa majedwali ya wataalamu, si kwa matakwa ya mwenye chombo. Kufikia hapo Plimsoll alikuwa na miaka 66, na hakuwa tena mbunge.

Miaka ya mwisho

Kiti chake alikiacha mwenyewe. Mwaka 1880 alichaguliwa tena Derby, lakini mwanasiasa mkubwa wa chama chake, William Harcourt, alikuwa amepoteza kiti mara tu baada ya kuteuliwa waziri. Plimsoll alimpisha, akiamini kwamba waziri atawafaa mabaharia kuliko mbunge wa kawaida. Baadaye alikuja kuujutia uamuzi huo, akajaribu kurudi Bungeni kupitia Sheffield, akashindwa.

Eliza alifariki mwaka 1882 wakiwa Australia. Plimsoll alioa tena miaka michache baadaye, akapata watoto uzeeni. Mwaka 1887, mabaharia na wapiga makaa wa meli walipounda chama chao cha taifa, walimpa urais wa heshima. Mwaka 1890 aliandika tena, safari hii kuhusu ng'ombe waliosafirishwa hai kuvuka Atlantiki, wakisongamana na kuumia njiani. Alifariki Folkestone, pwani ya kusini mashariki mwa Uingereza, tarehe 3 Juni 1898, na akazikwa hapo karibu. Mwaka 1929 chama cha mabaharia kilimjengea sanamu kando ya mto Thames, London.

Jina lake lilikwenda hata alikokuwa hakutarajia. Raba za turubai, zenye ukanda wa mpira unaozunguka soli, huitwa na Waingereza kwa jina lake mpaka leo, kwa sababu ukanda ule uliwakumbusha watu mstari wa meli: maji yakipita hapo, miguu inalowa.

Mwaka 1906 Uingereza ililazimisha meli za kigeni zinazopakia katika bandari zake zifuate mstari huo, ili wenye meli wake wasionewe sokoni. Mwaka 1930 mataifa yalitia saini London mkataba wa kwanza wa kimataifa wa mstari wa kupakilia, na mwaka 1966 ukaja mkataba mpya ambao, pamoja na marekebisho, ndio unaotawala bahari leo.

Namna ya kuisoma alama

Kando ya duara kuna ngazi ya mistari mifupi yenye herufi. Kila mmoja ni mpaka wa maji na majira fulani. S ni wa bahari wakati wa kiangazi, W wa baridi, T wa bahari za joto. F ni wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, na TF ni wa maji hayo katika ukanda wa joto. Mistari ya maji yasiyo na chumvi iko juu zaidi, na sababu yake ni fizikia ya kawaida. Lita 1,000 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 1,025 hivi, na za maji ya ziwa kilo 1,000. Maji mepesi hubeba kidogo, hivyo meli ileile yenye mzigo uleule huzama zaidi ziwani kuliko baharini.

Nafasi inayobaki kati ya maji na deki si nafasi iliyopotea. Ndiyo akiba ya uhai wa chombo. Wimbi likipiga, chombo hulala upande mmoja, na akiba hiyo ndiyo inayokiinua tena. Ikiliwa na magunia, chombo hakina cha kujiinulia. Na mstari wenyewe hauoni kila kitu: mzigo ukirundikwa juu ya deki au ukaachwa bila kufungwa, chombo kinaweza kupinduka hata kabla mstari haujagusa maji.

Somo la Maziwa Makuu

Afrika Mashariki imelilipia somo hili kwa bei kubwa. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafa. Septemba 2011, Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba na kuua mamia. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kutoka gati la Ukara. Kilijengwa kubeba watu 100. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Oktoba 2024, boti iliyojaa watu na bidhaa ilizama katika Ziwa Kivu mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri karibu na Goma. Katika misiba hii yote, kuzidisha watu au mzigo kulitajwa.

Swali la Plimsoll limefika hata kwenye viwanja vya ndege. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife, kukiwa na ukungu. Watu 583 walikufa. Rubani wa KLM alianza kuruka kabla ya kuruhusiwa, maneno ya redio yalikuwa na utata, na wasaidizi wake waliokuwa na shaka hawakumzuia. Baada ya hapo usafiri wa anga uliyakaza maneno ya redio, ili ruhusa ya kuruka isichanganywe na jambo jingine, na wasaidizi wakafundishwa kumhoji nahodha wao. Ni mstari uleule wa Plimsoll, ila umechorwa kwa maneno.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Kusi ikivuma miezi ya kiangazi, mawimbi yake hayana tofauti na ya bahari. Ziwa hilo lina wenyewe wanne: Burundi, Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mkataba wa 1966 uliandikwa kwa ajili ya meli za baharini, hivyo vyombo vya maziwa hutegemea sheria za nchi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya pamoja ya usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007, lakini Tanganyika ni ziwa jingine, na Zambia si mwanachama wa Jumuiya. Chombo kinaweza kupakiwa chini ya sheria ya nchi moja, kikavuka maji ya nyingine na kushusha katika ya tatu. Mzigo unapopita katika mikono mingi hivyo, ni rahisi kila mkono kusema kwamba wajibu ulikuwa wa mkono mwingine.

Kwa sheria, nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kabla ya kamba kufunguliwa, mwenye chombo ndiye anayewajibika kwa ubora wake, na mamlaka ya bandari ndiyo yenye uwezo wa kukizuia. Lakini neno la nahodha huwa dogo pale mwenye mali anaposimama gatini akihimiza magunia ishirini ya mwisho yaingie, kwa sababu soko la Bujumbura linasubiri na chombo kingine hakipo mpaka wiki ijayo. Plimsoll, aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mwanasiasa, aliujua msukumo huo. Ndiyo maana hakuomba wafanyabiashara wawe watu wema zaidi. Aliomba pawepo alama ambayo nahodha anaweza kuionyesha kwa kidole na kusema basi, bila kubishana na tajiri.

Alama hiyo haihitaji ofisi wala cheo kusomwa. Mama anayesafirisha mawese, kijana wa Buyenzi mwenye katoni za dagaa, wakala wa saruji kutoka Kigoma, wote wanaweza kuitazama kabla ya kulipa nauli. Chombo kisicho na alama yoyote kimeshatoa jibu lake. Chenye alama iliyofunikwa na maji kimetoa jibu pia. Magunia ishirini yakibaki gatini, hasara yake huhesabika kwa faranga na kufidiwa safari ijayo.

Jioni, makuli wa Bujumbura wanapomaliza zamu, meli iliyoshushwa huelea juu, duara lake likionekana wazi ubavuni. Kesho au keshokutwa itaondoka kwenda kupakia tena upande wa pili wa ziwa. Duara litashuka kuelekea maji, gunia kwa gunia, na mahali litakaposimama pataamuliwa na watu watakaokuwa wamesimama gatini siku hiyo.